Mkono wa Kushoto

Kaptembwa, shule zimefunguliwa wiki ya pili,
na mimi nina sweta ishirini na mbili za kijani,
zote zina mkono wa kulia tu.

Usiniulize kwa nini. Nilianza vizuri.
Kisha uzi ukapungua, nikainuka kuutafuta,
nikakuta chai niliyoisahau tangu asubuhi,
nikaipasha, nikasikia harufu ya pasi ya jirani,
nikawaza: kwani pasi yangu iko wapi?
Saa tisa. Mashine ya kufumia iko pale pale,
mdomo wazi, kama mtoto aliyekatizwa akisema.

Simu inalia. Ni mwalimu mkuu, Bwana Sigilai.
Naiweka chini ya mto, naukalia.
Si kwamba simpendi. Sauti yake ni ya upole,
na hapo hasa ndipo koo langu hufunga duka.
Juzi nilimwona kwa mbali karibu na kinu cha posho,
nikakata kona, nikaingia kwa fundi wa viatu,
nikalipia kisigino kisicho na kasoro.

Daktari wa Jumanne alinipa jina la kwanza,
la akili isiyotulia,
na jina la pili, la hofu ya watu.
Nikatoka na majina mawili katika bahasha moja
yakigombana njia nzima:
hili linataka kutoka, lile linataka tufunge mlango.

Ndipo Bosibori akaja na kigoda chake na ungo.
"Kwangu giza," akasema. "Stima imepotea."
Akaketi mlangoni, akaanza kuchagua maharagwe.
Hakuuliza sweta ni za nani.
Hakusema jikaze, hakusema omba Mungu,
hakuhesabu mikono.
Tik, jiwe ndani ya kopo.
Kimya.
Tik.

Nikashtukia vidole vyangu vimerudi kwenye mashine
kama kuku wanavyorudi jioni bila kuitwa.
Sijui kueleza. Mtu akiwa hapo,
hata akikupa mgongo,
chumba kinapata ukuta wa nne.

Kila siku saa nane: Bosibori, kigoda, ungo.
Sweta kumi. Kumi na nne.
Siku aliyokwenda Keroka matangani
niliutazama mlango mpaka upepo wa ziwani
ukaleta vumbi jeupe la magadi dirishani.
Nilifuma mistari mitatu, nikaifumua.
Jioni akapiga simu. Nikapokea. Mimi!
"Endelea," akasema, "nimekaa."
Hakuongeza neno. Nyuma yake sahani ziligongana,
mtu akalia, mtu akaitisha chumvi,
nami nikamaliza mkono mzima.

Ijumaa tukapeleka mzigo shuleni.
"Mimi siingii," alisema. "Nanunua muwa hapa langoni."
Nikaingia. Magoti yalikuwa ya mtu mwingine.
Bwana Sigilai akanipa mkono, akasema habari,
nami nikachungulia dirishani: yule pale,
anatafuna, anatema makapi, wala hanitazami.
Nikasema nzuri.
Nikasema ishirini na mbili.
Nikasema samahani, nimechelewa,
na hakikuanguka chochote
ila kofia yake, tukaiinamia pamoja.

Jana nilimpokea ungo mlangoni,
nikapitisha vidole ndani ya maharagwe.
Safi. Hakuna hata punje mbovu.
Na ndani ya kopo mawe saba,
yale yale ya mwezi uliopita,
yameng'aa kwa kushikwashikwa.

"Bosibori, stima kwako ilirudi lini?"

Akakitazama kigoda. Akarekebisha leso.
"Siku ile ile," akasema.

Nikayamimina mawe juu ya maharagwe,
nikachanganya vizuri kwa mkono wa kushoto,
nikamrudishia ungo,
nikaketi.